Kofia ya Viua: Kazi ya Mkono Isiyo na Jina

Ukitaka kuona kazi ya wanawake wa mashambani, msomaji mpenzi, huna haja ya kwenda mashambani. Pita Mji wa Kale wa Mombasa siku ya Ijumaa, wakati wanaume wanapotoka msikitini, uwatazame vichwani. Utaona kofia za kila namna: za kufuma, za mahameli, na hizi nyeupe zilizotiwa nakshi kwa mashine ambazo huuzwa kwa mafungu kama vitunguu. Lakini hutakosa kumwona mzee aliyevaa kofia ya viua, ile iliyoshonwa kwa mkono, tundu kwa tundu, mpaka ikasimama yenyewe bila ya kushikwa.

Mwulize mzee huyo kofia ameinunua wapi, atakutajia duka. Mwulize bei, atakutajia kwa fahari. Mwulize ni nani aliyeishona, atakutazama tu. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Tunavaa kichwani miezi mizima ya maisha ya mtu, na jina lake hatulijui.

Mimi ni mtoto wa kisiwa cha Pate, upande wa Siyu. Bibi yangu alikuwa mshonaji kofia, mama yangu vile vile, na mimi sindano naijua ingawa siku hizi riziki yangu iko kwingine. Kwa hiyo haya ninayoyaandika sikuyasoma wala sikuhadithiwa. Nimeyakalia mkekani.

SIKU YA MSHONAJI

Watu wa mjini hudhani ya kwamba kushona ni kazi ya mtu asiyekuwa na kazi. Laiti wangaliona siku ya mwanamke wa shamba! Baada ya sala ya alfajiri huteka maji kisimani, huwasha moto wa kuni, huandaa chai, watoto wakaenda chuoni na shuleni. Jua likipanda yuko kondeni ana jembe mkononi. Akirudi, nazi yangoja kukunwa, mchele wangoja kupetwa, na samaki, wakiwa wamepatikana, wangoja kuparwa. Ni baada ya sala ya adhuhuri, vyombo vimekwisha oshwa na joto limewalaza watu barazani, ndipo kikapu cha ukili kinaposhushwa kutoka msumarini. Ndani yake, imefungwa katika kipande cha leso safi isipate vumbi, mna kofia.

Hapo majirani huja mmoja mmoja, kila mtu na kazi yake. Mwenye kofia ana kofia, mwenye ukili anasuka ukili, mwenye kanzu ya mumewe iliyochanika anatia kiraka. Hukaa karibu na mlango, mahali penye mwanga wa kutosha na kivuli cha kutosha, mpaka adhana ya alasiri. Ni saa mbili hivi. Kofia zote unazoziona zimetoka katika saa mbili hizo.

Majira nayo yana amri yake. Wakati wa kaskazi joto ni kali, mikono hutoka jasho, na jasho ndilo adui mkubwa wa bafta nyeupe. Bibi yangu alikuwa haketi kushona bila ya bakuli la maji na kitambaa cha kukaushia mikono kando yake. Masika yakiingia, konde huita: kulima, kupanda, kupalilia, na kofia husubiri kikapuni. Kusi likivuma kwa nguvu, bahari ikachafuka na madau yakalala pwani, nyumba hutazama kikapu kile. Kwetu, mara nyingi, kusi lilipokuwa kali ni kofia iliyoleta mchele.

JINSI INAVYOSHONWA

Kofia hii ina vipande viwili: kipande kirefu cha kuzunguka kichwa, na kipande cha duara cha juu ambacho ni kama kifuniko chake. Lakini kila kipande, ukikichunguza, ni nguo mbili zilizolazwa pamoja. Kwanza hupigwa bandi ili nguo hizo zisitembee. Kisha nakshi huchorwa kwa penseli, kwa mkono mwepesi: maua, nyota, mawimbi, au mistari inayopishana. Wako washonaji wasioweza kuchora, nao humpelekea jirani mwenye mkono wa kuchora, wakamlipa au wakamsaidia kazi nyingine.

Baada ya hapo hushonwa mistari myembamba, miwili miwili, iliyoandamana. Katikati ya mistari hiyo, baina ya nguo ya juu na nguo ya chini, hupenyezwa uzi mnene wa pamba. Uzi huo ndio unaoinua nakshi na kuifanya kofia iwe ngumu bila ya kuwa nzito. Ni ufundi ule ule wa mfarishi, ule wa kushona nguo mbili na kutia pamba kati yake, ila hapa mfarishi umefanywa mdogo ukatosha kichwa.

Viua vyenyewe ni matundu. Sindano nene huzisukuma nyuzi za nguo kando bila ya kuzikata, kisha ukingo wa tundu huzungushiwa uzi mwembamba, kipigo baada ya kipigo, mpaka tundu likawa jicho dogo lisilofumuka. Kofia moja iliyojaa ina viua kwa mamia. Wala si kwa uzuri peke yake. Kwa matundu hayo upepo hupita, na kichwa cha mwenye kuivaa hakichemki kwa jua letu hili la pwani.

Mwisho vipande viwili huunganishwa. Kofia hufuliwa kuondoa alama za penseli, hutiwa wanga, hukaushwa juu ya bakuli lililolingana na kichwa. Mtu akiuliza imechukua muda gani, jibu lategemea nakshi na kazi za nyumbani. Iliyo nyepesi yaweza kwisha kwa wiki kadhaa. Iliyojaa viua huchukua miezi miwili, mitatu, hata minne.

WATU WA MSHONO

Si ajabu kwamba kazi hii imeshika mizizi huku kwetu. Watu wa visiwa vya Lamu ni watu wa mshono tangu zamani. Wareno waliofika pwani hii katika karne ya 16 waliandika juu ya nguo za hariri zilizokuwa zikifumwa Pate, na jinsi zilivyokuwa zikitafutwa katika miji mingine. Hata vyombo vyetu vya bahari vilishonwa. Mtepe haukupigiliwa misumari. Mbao zake zilitobolewa zikashonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mitepe ilikwisha baharini katika karne ya 20.

Na leso, vazi la mama zetu, ilizaliwa na sindano. Jina lenyewe ni la Kireno, maana yake kitambaa cha mkono. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani, Unguja na Mombasa, walikuwa wakinunua vitambaa hivyo vya rangi na kuvishona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi moja pana. Ni baada ya hapo wafanyabiashara walipoanza kuagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa. Kwa hiyo kabla ya leso kuwa mali ya dukani ilikuwa shauri la wanawake wenye sindano.

Kofia nayo imesafiri. Upande wa Tanzania wengi huiita baraghashia, na husemwa kwamba jina hilo lilitokana na Sultani Barghash bin Said aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888. Huko Oman dada yake huitwa kumma, nayo ni vazi la kila siku la wanaume. Waomani wengi husema asili yake ni mwambao wetu huu, na kwamba ilikwenda na jamaa zao waliorejea kutoka Unguja. Hebu fikiri, msomaji: nakshi iliyochorwa kwa penseli mkekani imevuka bahari ikawa vazi la taifa jingine.

Nchi yetu hii ya Pate na Siyu ndiyo nchi ya Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyemtungia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858. Kalamu ilimhifadhia jina lake, na mpaka leo watoto wanafundishwa habari zake. Lakini mlango wa pili na wa tatu walikuwako wanawake waliokuwa nao wakiwausia binti zao, kwa uzi na nguo. Hao wamepita wote bila ya kutajwa. Mwenye kalamu hutia jina lake mwisho wa kazi. Mwenye sindano hukata uzi, akafunga fundo, basi.

RAHA YAKE

Nisije nikafahamika kwamba kushona ni adha tupu. Ingekuwa hivyo, kazi hii ingalikufa zamani. Kushona kuna raha, na raha yake wanaijua walioionja.

Ya kwanza ni ya moyo kutulia. Mtu aliyeamka kabla ya jua, akabeba, akalima, akakuna, akakaripia watoto, hupata mahali pamoja ambapo mkono unakwenda pole pole na hakuna wa kumhimiza. Bibi yangu alikuwa akishona huku akileta uradi. Kila tundu lilipokamilika alisema Alhamdulillahi, akaenda la pili. Siku moja, nami ni mtoto wa miaka minane au tisa, nilimwuliza, "Bibi, kwani wahisabu viua?"

Akanijibu bila ya kuinua uso, "Mwanangu, mimi nashukuru tu. Viua vitajihisabu vyenyewe."

Ya pili ni ya jicho. Nguo nyeupe juu ya nguo nyeupe, uzi mweupe, huoni kitu siku za mwanzo. Kisha jioni moja ukiielekeza kofia kwenye mwanga, ua limeinuka. Hapo mshonaji humpa jirani aitazame. Jirani naye, akiwa mwerevu, huigeuza kwanza upande wa ndani, maana fundi hujulikana ndani.

Ya tatu ni ya mazungumzo. Palipo sindano nne tano pana habari za kijiji kizima: nani anaposwa, nani mgonjwa wa kuzuriwa, chombo cha nani kimechelewa. Mashauri mengi ya maana, hata ya ndoa, nimesikia yakikatwa mkekani kabla wanaume hawajayafikisha barazani. Msichana aliyekaa hapo hujifunza sindano, na katika hiyo sindano hujifunza kusikiliza.

Ya nne, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa, ni ya mwanamke kuwa na chake. Sheria yetu imempa mwanamke mali yake mwenyewe, na anachokichuma hakuna wa kumnyang'anya. Mazao ya konde yaliliwa, fedha ya samaki ilikuwa mkononi mwa baba, lakini fedha ya kofia ilikuwa ya mama. Kwayo alininunulia juzuu yangu ya kwanza na viatu vya shule, na mwaka mmoja alinunua makuti ya kuezekea jiko lililokuwa likivuja. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu hali chakula bora kuliko kile kitokanacho na kazi ya mkono wake, akatupigia mfano wa Nabii Daud (A.S.). Na yeye mwenyewe, kama ilivyopokewa kutoka kwa Bibi Aisha, alikuwa akiishona nguo yake nyumbani. Basi ni nani atakayeidharau sindano?

HESABU YA KUSIKITISHA

Jambo la kusikitisha ni kwamba tunaidharau, tena kwa njia mbaya kuliko zote, nayo ni bei.

Nilikuwapo mwaka mmoja, wakati wa kusi, mnunuzi mmoja alipofika kijijini kuchukua kofia za kuuza mjini. Mama yangu mkubwa alimletea kofia ya miezi mitatu. Bwana yule aliigeuza, akaisifu, kisha akasema, "Lakini mama, siku hizi za mashine zimejaa. Nikikupa unayoitaka, nami nitakula nini?"

Mama mkubwa akamwambia, "Mwanangu, ya mashine si umeiacha huko huko ukaja huku?"

Bwana yule akacheka, nasi tukacheka. Kofia ilichukuliwa kwa bei yake yeye. Bahari ilikuwa mbaya, na mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kwa karo. Mwenye shida hana mizani.

Hebu tufanye hesabu, kwa mfano tu. Tuseme mshonaji ameshona saa 2 kila siku kwa siku 75. Hizo ni saa 150. Tuseme ameuza kofia yake kwa shilingi 3,000, naye alikuwa ametumia shilingi 300 kwa bafta, uzi na sindano. Amebakiwa na shilingi 2,700. Zigawe kwa saa 150, utapata shilingi 18 kwa saa. Nani kati yetu angekubali kuajiriwa kwa ujira huo, tena kazi ya kuumiza macho na mgongo?

Wazee wengi husema wasichana wa siku hizi ni wavivu, wanapenda simu kuliko sindano. Mimi sikubaliani nao. Binti wa kaka yangu ana mkono mzuri kuliko wangu. Nilipomhimiza asiiache kazi ya bibi zake alinijibu kwa adabu, "Shangazi, nisamehe. Nikishona miezi mitatu nipate pesa za kula wiki mbili, si bora nitafute kazi nyingine?" Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kofia ya viua ikifa, msomaji, haitauawa na uvivu wa wasichana. Itauawa na hesabu hiyo.

Wala siilaumu mashine. Mtoto wa chuo anayepoteza kofia kila mwezi anahitaji kofia ya bei nafuu, na mashine imemfaa. Lawama ni kwa anayeiuza ya mashine kwa jina la ile ya mkono, na kwa anayeinunua ya mkono kwa bei ya ile ya mashine. Kuzitofautisha si kazi ngumu. Igeuze kofia ndani. Ya mkono utaona vifundo vidogo vidogo, na viua vyake ni ndugu lakini si mapacha. Ya mashine kila ua ni sawa na mwenziwe, na mara nyingi uzi wa nyuma umeruka kutoka ua hadi ua.

TUFANYEJE?

Naona yako mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wetu, bila ya kungoja serikali wala mfadhili.

Kwanza, mnunuzi aulize jina. Aulize, "Kofia hii ameishona nani, na wa wapi?" Muuzaji akiulizwa hivyo mara kumi, ya kumi na moja atakuwa na jibu. Na mwenye kujua kwamba mshonaji ana jina huona haya kumpunja.

Pili, tuagize mapema, na tutangulize fedha ya nguo na uzi. Kofia haiokwi kama mkate. Anayeitaka ya Idi asingoje Ramadhani iandame. Aagize Rajabu, apate miezi mitatu. Bwana harusi naye aagize siku ile ile anapokubaliwa posa. Siku hizi simu imefika kila kijiji na fedha hutumwa kwa simu, kwa hiyo mtu wa Mombasa au Malindi aweza kusema na mshonaji wa Siyu au Faza yeye kwa yeye.

Tatu, washonaji nao wasiuze mmoja mmoja. Majirani watano waliokaa mkeka mmoja waweza kukubaliana bei moja ambayo hakuna atakayeishuka, na kusaidiana mkopo mdogo wakati wa kusi, ili asipatikane wa kuuza kwa shida. Umoja ni nguvu, na mwenye kuuza peke yake hupangiwa bei na tumbo lake.

Nne, mwenye kofia ya babu yake sandukuni asiitupe kwa sababu imekuwa manjano. Nakshi nyingi za zamani hazikuchorwa katika kitabu chochote. Ziko katika kofia hizo tu. Aifue kwa sabuni laini, aianike, kisha ampelekee mshonaji aliyeko karibu aitazame. Fundi akiiweka kwenye mwanga ataisoma nakshi yake, aweze kuichora upya kwenye bafta mpya.

Mababu walisema mcheza kwao hutuzwa. Wanawake hawa wanacheza kwao, wala hawakuomba kutuzwa kwa ngoma na vigelegele. Wanataka bei iliyo sawa na kazi, na mtu wa kuwauliza majina yao.